Mafunzo Elekezi Yanayombakisha Mwanafunzi Chuoni: Mwongozo kwa Vyuo vya Unguja na Pemba

Kila mwaka, vyuo vinapofunguliwa mwezi wa Oktoba au Novemba na mvua za vuli zimeanza kugonga mabati, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hukusanywa ukumbini kwa siku nne au tano kusikiliza hotuba. Huzungumza mkuu wa chuo, mhasibu, mkutubi, mlezi wa wanafunzi, afisa wa mitihani, askari polisi, mtu wa bima na kiongozi wa serikali ya wanafunzi. Ikifika Ijumaa kila mmoja ameshapewa kalamu na kijitabu cha kanuni, na chuo kimeandika katika ripoti yake kwamba mafunzo elekezi yamefanyika. Ikifika wiki ya sita kuna viti vitupu madarasani, na ukiuliza vilikuwa vya nani, hupati jibu.

Mwongozo huu ni kwa walezi wa wanafunzi, wasajili, wahadhiri na viongozi wa wanafunzi wa vyuo vyetu, viwe vikubwa kama Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, chenye kampasi kadhaa Unguja na moja Pemba, au vidogo vya cheti na stashahada ambavyo mkuu wa chuo ndiye huyo huyo mlezi. Nimeujenga juu ya hoja moja: mwanafunzi anayeacha masomo mwaka wa kwanza mara nyingi huacha kwa sababu iliyokuwa wazi tangu wiki ya kwanza, isipokuwa hapakuwa na mtu aliyekabidhiwa kazi ya kuiona. Kwa hivyo mafunzo elekezi yapangwe kwa kuanzia mwisho, yaani kwa kuanzia na wale walioondoka.

Hatua ya kwanza: Tafuta walioondoka mwaka jana

Msajili akupe orodha mbili, ya waliosajiliwa mwaka wa kwanza mwaka jana na ya waliosajiliwa mwaka wa pili mwaka huu. Ikiwa wa kwanza walikuwa 400 na waliorudi ni 340, kiwango cha kubakia ni asilimia 85, lakini usiishie kwenye asilimia hiyo, kwani kazi yako imo katika yale majina 60. Watenge kwanza waliodisko, yaani walioondoshwa chuoni kwa matokeo ya mitihani, kisha walioahirisha kwa barua, kisha waliopotea bila ya neno. Kundi la tatu ndilo linalopaswa kuwanyima watu usingizi, nalo ndilo ambalo vyuo vingi havilihesabu kabisa, kwa sababu mtu asiyeandika barua hana faili la kufunga.

Wagawe tena kwa maswali machache: mwanafunzi alitoka Unguja, Pemba au Bara, alikuwa na mkopo au alilipiwa na wazee, alikaa dakhalia, alipanga chumba, au alikaa kwa jamaa, alisoma programu aliyoiomba mwenyewe au aliyoangukia baada ya nafasi kujaa. Baada ya hapo wapigie simu, hata kama ni 20 tu kati yao. Asipige mtu wa uhasibu, kwani mama akisikia chuo kinapiga atadhani kinadai, na simu itakatwa kwa adabu. Wala usiulize “kwa nini uliacha”, maana jibu litakuwa “fedha” au “udhuru wa nyumbani”, ambalo huwa la kweli kwa kiasi na la kujisitiri kwa kiasi. Uliza ni siku gani hasa aliona mambo hayendi, na siku hiyo alimwambia nani. Swali hilo la pili ndilo linalojenga ratiba yako, kwa sababu aghalabu jibu lake ni kwamba hakumwambia mtu yeyote.

Katika mazungumzo ya namna hii nimesikia mambo madogo kuliko nilivyotarajia. Kijana mmoja kutoka shamba huko Pemba alihudhuria siku zote za mafunzo elekezi na hakukosa hata hotuba moja, lakini hakujua kwamba kusajiliwa chuoni na kusajili masomo ya muhula ni vitu viwili. Aliingia darasani wiki nne, akafanya jaribio la kwanza, na matokeo yalipobandikwa jina lake halikuwamo. Akaona kwamba ndiyo basi, akapanda boti akarudi kwao. Dakika tano mbele ya kompyuta zingelimaliza jambo lile.

Hatua ya pili: Elewa unachotaka kukijenga

Vincent Tinto, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Marekani, alieleza mwaka 1975 kwamba mwanafunzi hubakia chuoni kwa kadiri anavyofungamana na mambo mawili, masomo yenyewe na watu wa pale. Akikosa yote mawili, ada iliyolipwa haitamshika. Wazo hilo limekuwa msingi wa programu nyingi za mwaka wa kwanza, na halina kasoro kubwa isipokuwa moja inayotuhusu sisi. Baadaye Tinto alisaidiwa na maandishi ya Arnold van Gennep ya mwaka 1909 kuhusu mila za kuvuka rika, ambamo mtu hutengwa kwanza na kwao, hupita kipindi cha kati, kisha huingizwa katika hali mpya, kama tunavyoyajua mambo ya jando na unyago. Kutoka hapo ilionekana kwamba mwanafunzi hana budi kuachana na nyumbani ili awe mtu wa chuo, na wakosoaji walisema mapema kwamba sharti hilo haliwafai wanafunzi wanaotoka katika jamii zenye utamaduni tofauti na wa chuo.

Halitufai na sisi. Mwanafunzi wa visiwani hatengani na kwao. Harusi ikiwapo ataitwa, msiba ukitokea atavuka, bibi akiugua yeye ndiye atakayelala naye hospitali. Chuo kinachomtaka achague kati ya nyumbani na darasa kitashindwa. Panga mafunzo yako ili nyumbani na chuo wajuane, jambo nitakalolirudia kwenye hatua ya sita.

Hatua ya tatu: Anza kabla mwanafunzi hajavuka bahari

Kati ya siku jina linapotoka na siku ya kuripoti kuna wiki kadhaa ambazo chuo hukaa kimya, na wapo wanaopotea hapo hapo, kabla hata ya kuhesabiwa. Tuma maelekezo ya kujiunga kwa Kiswahili, hata kama yale rasmi yameandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu yatasomwa na baba, mjomba na pengine sheha kabla ya fedha kutolewa. Yaseme kwa shilingi, si kwa jumla: kiasi gani kinatakiwa siku ya kwanza, kiasi gani kinaweza kusubiri, awamu ni ngapi na tarehe zake ni zipi. Mzazi anayetegemea karafuu au mwani hapati kipato kwa mwezi, anapata kwa msimu. Akijua mapema kwamba awamu ya pili inaangukia Januari, atapanga, na karafuu zikikosa mwaka huo atakuja kusema mapema badala ya kumficha mtoto nyumbani kwa aibu.

Kwa wanafunzi wa Pemba watakaosoma Unguja, fanya kikao cha siku moja Chake Chake, katika ukumbi wa skuli au wa chuo chochote kitakachokubali kukuazima, na umpeleke mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu aliyetoka huko huko. Nauli ya watu watatu kwa boti ni ndogo kuliko gharama ya mahema ya siku ya ufunguzi. Kikao kijibu maswali ambayo hakuna anayeyauliza ukumbini kwenye kampasi ya SUZA ya Tunguu: boti ikifika bandarini Malindi jioni nitalala wapi, dakhalia ina vitanda vingapi na nikikosa nifanye nini, daladala ya mwisho inaondoka saa ngapi, na je, nikikaa kwa shangazi nitapata nafasi ya kusoma? Suala hili la kukaa kwa jamaa, hasa kwa wasichana, lizungumzwe kwa upole lakini lisikwepwe. Binti anayeamka alfajiri kuosha vyombo na kupika chai, akapanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, hawezi kusoma kama mwenzake wa dakhalia, na mwenyeji wake huenda hana habari. Mwanamke mkubwa katika utumishi wa chuo akimwambia shangazi maneno mawili kwa simu, “bi mkubwa, mtoto ana mtihani”, mara nyingi hutosha.

Hatua ya nne: Siku ya kwanza iwe ya kazi

Hotuba zote zipunguzwe ziwe saa moja. Hili litaleta ugomvi na idara zako kuliko jambo lolote jengine katika mwongozo huu, kwa sababu kila mkuu wa idara huamini kwamba maneno yake ndiyo yasiyoweza kukosekana. Waambie waandike ukurasa mmoja kila mmoja. Muda unaobaki utumike kufanya vitu kwa mikono, na mwanafunzi asitoke chuoni siku hiyo mpaka awe amekamilisha mambo manne mbele ya mtu: amesajiliwa, amesajili masomo ya muhula, ameingia katika mfumo wa chuo kwa nywila yake mwenyewe, na amejua hali ya fedha zake.

Hilo la nne litengewe meza yake, na watu wenye subira. Mwanafunzi wa Zanzibar anaweza kuwa na mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Muungano, au wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, au awe hana wowote na amekuja kwa matumaini. Aliyepata mkopo aelezwe tofauti ya fedha zinazokwenda chuoni na zile za chakula na malazi zinazomfikia yeye, aelezwe kwamba ni lazima asaini, na kwamba bumu, yaani hizo fedha za kujikimu, linaweza kuchelewa, kwa hivyo aje na cha kuanzia. Asiyepata aambiwe ukweli siku hiyo hiyo. Kumwacha aendelee kusubiri majina ya awamu nyengine, huku deni la ada linapanda, ni kumtega. Akifukuzwa kwenye chumba cha mtihani wiki ya mwisho atakuwa amepoteza muhula na fedha pamoja.

Meza ya pili iwe ya wale waliopangiwa programu wasiyoitaka. Dirisha la uhamisho hufungwa mapema, na mwanafunzi anayelijua baada ya kufungwa hukaa mwaka mzima akisoma kwa kinyongo, au haukai kabisa.

Ratiba yako isiguse muda wa sala ya Ijumaa, na mambo ya siku yamalizike kwa wakati ambao msichana wa Makunduchi au Nungwi anaweza kufika kwao kabla ya Magharibi. Mwanafunzi mwenye ulemavu apelekwe mwenyewe mpaka kwenye madarasa atakayosomea, ijulikane kama kuna ngazi, siku hiyo na si muhula ukishapita nusu.

Hatua ya tano: Mpe kila mgeni mwenyeji wake

Hapa ndipo ningeliweka nguvu zangu zote kama ningeliambiwa nichague jambo moja. Kila mwanafunzi mpya akabidhiwe kwa jina kwa mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wa programu hiyo hiyo, wageni wasiozidi 10 kwa mwenyeji mmoja. Neno mwenyeji nimelichagua makusudi. Kwetu mtu hafiki mji asioujua akaachwa njiani. Ana mwenyeji wake, na mwenyeji ana wajibu unaojulikana na kila mtu bila ya kuandikwa. Neno hilo likitumika, nusu ya mafunzo yake yameshafanyika.

Usichague wenye alama za juu peke yao. Aliyewahi kupata sapu mbili, yaani mitihani ya marudio, akazifanya na kuvuka ana la kusema kuliko aliyepita bila ya mkwaruzo. Mwaka 2011 watafiti Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha matokeo ya jaribio katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, ambapo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya wakubwa wao kwamba hofu ya kuonekana hawastahili kuwapo chuoni ni ya kawaida na hupungua kwa muda, kisha wakaandika kwa maneno yao wenyewe namna jambo hilo linavyowahusu. Kazi yenyewe ilichukua kama saa moja, lakini alama za wanafunzi weusi waliokuwamo zilipanda katika miaka iliyofuata. Si dawa ya kila mahali, na wala sidai kwamba itafanya kazi vile vile Vuga au Wete, lakini haigharimu kitu: waweke wakubwa wanne mbele, bila ya mwalimu yeyote chumbani, wasimulie muhula wao wa kwanza ulivyokuwa kweli.

Wenyeji wafunzwe kwa siku mbili kabla ya wageni kufika. Wajue kipi wanaweza kukitatua wenyewe na kipi lazima wakipeleke kwa mlezi siku hiyo hiyo: maradhi, mimba, vitisho, njaa, na mwalimu anayemtaka mwanafunzi kinyume na maadili. Hilo la mwisho wanafunzi hawamwambii mtu mzima kwanza, humwambia mwenzao. Wapewe vocha ya simu na barua ya kutambuliwa. Kuwatumikisha bure kwa jina la uzalendo hakudumu zaidi ya mwezi.

Hatua ya sita: Masomo yaonjeshwe, na wazazi waitwe

Siku moja nzima iwe ya masomo. Mhadhiri atoe mhadhara wa kweli wa dakika 50 kwa Kiingereza, kwa kasi yake ya kawaida, wanafunzi waandike, kisha wakae na wenyeji wao kulinganisha walichokiandika. Wengi watagundua kwamba Kiingereza cha kidato cha sita na cha mhadhara si kimoja, na ni afadhali wagundue siku ambayo hakuna alama. Hapo hapo waandikishwe katika darasa la stadi za mawasiliano au kikundi cha kusoma, badala ya kutajiwa tu kwamba kipo.

Kisha waonyeshwe hesabu ya muda, kwa sababu wengi hudhani ratiba yenye vipindi vichache ni mapumziko. Katika mfumo wa krediti wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, pamoja na za kujisomea. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360 kwa uchache, sawa na 120 kwa mwaka na 60 kwa muhula, yaani saa 600. Ukizigawa kwa wiki 15 unapata saa 40 kwa wiki. Mwanafunzi achore wiki yake mwenyewe kwenye karatasi, aweke sala, safari, kazi za nyumbani na biashara yake ya jioni kama anayo, aone saa 40 zitakaa wapi. Nimeona vijana wakikaa kimya mbele ya karatasi hiyo kuliko mbele ya hotuba yoyote.

Kanuni zisisomwe zote. Chagua zile zinazoondoa watu: kiwango cha mahudhurio, sharti la koswaki, yaani alama za kazi za muhula, kabla ya mtihani, GPA (wastani wa alama) ya chini ya kuendelea, namna ya kuomba mtihani maalumu kwa aliyeumwa, na jinsi ya kuahirisha masomo. Kila chuo kina tarakimu zake. Zibandike kwa Kiswahili mlangoni mwa dakhalia.

Wazazi waitwe nusu siku, Jumamosi, Unguja na Pemba kwa wakati mmoja ikiwa una kampasi pande zote mbili. Wasije kusikiliza sifa za chuo. Waambiwe kalenda ya mitihani, ili wajue wiki gani mtoto asiitwe isipokuwa kwa msiba, na waambiwe jina la mtu wa kumpigia. Ikiwa posa imekuja, waambiwe kwamba ndoa na masomo vinaweza kwenda pamoja, na kwamba binti akijifungua anaweza kuahirisha na kurudi. Liseme jambo hili mbele ya baba na mama wakiwa wamekaa pamoja.

Hatua ya saba: Wiki ya pili hadi ya sita

Wiki ya mafunzo elekezi ikimalizika, kazi ndiyo inaanza. Chuo kimoja cha Marekani, University of South Carolina, kilianzisha mwaka 1972 somo la mwaka wa kwanza linaloendelea muhula mzima, na vyuo vingi duniani vimeuiga mtindo huo. Kama huna walimu wa kutosha, saa moja kwa wiki kati ya mwenyeji na wageni wake inafaa.

Mwishoni mwa kila wiki mwenyeji amwambie mlezi jambo moja tu, nani hakuonekana. Mlezi aunganishe majina hayo na mahudhurio ya madarasa mawili makubwa, na kila aliyekosekana wiki nzima apigiwe simu ndani ya siku mbili. Simu isianze na “mbona huji darasani”. Ianze na hujambo, na wazee hawajambo, kisha isubiri. Jaribio la kwanza lenye alama lifanyike kabla ya wiki ya nne, liwe dogo, lisahihishwe ndani ya siku saba, na waliofeli wakutane na mshauri wao wa taaluma wakiwa wachache chumbani, si kwa kubandikiwa majina ukutani. Idara itakayosema haina muda wa kusahihisha iulizwe itatumia muda gani kusahihisha sapu.

Hatua ya nane: Atakayelazimika kuondoka, aondoke kwa mlango

Wapo ambao hawatabaki, na si kosa la mtu. Hawa wafunzwe tangu wiki ya kwanza kwamba kuahirisha ni barua ya ukurasa mmoja yenye saini ya mkuu wa idara, na kwamba anayeahirisha nafasi yake inahifadhiwa kwa mujibu wa kanuni, wakati anayenyamaza huandikiwa sifuri katika kila somo na pengine kufutwa. Mwenye mkopo aijulishe na bodi yake. Andika katika daftari la mlezi tarehe anayotarajiwa kurudi, namba mbili za simu, yake na ya mtu wa kwao, na jina la mwenyeji wake. Mwezi mmoja kabla ya tarehe hiyo mwenyeji ampigie kumwambia kwamba usajili unafunguliwa na kumuuliza boti ya siku gani.